Mama Mkwe wa Kilomita ya 18

Klabu yetu ya baiskeli hapa Lubumbashi ina ishara nne za mkono, na prezida huzirudia kila tunapokusanyika mbele ya Posta saa kumi na mbili asubuhi, kwa sauti ya mtu anayeapisha mawaziri. Kidole kikielekezwa chini: kuna shimo upande huo. Mkono ukipepea nyuma ya mgongo: kuna kitu pembeni, sogeeni katikati. Kiwiko kikitikiswa: zamu yangu ya kukata upepo imekwisha, njoo wewe mbele. Kiganja wazi kikiinuliwa juu ya kichwa: tunasimama wote. Maneno ya mdomo hatuyategemei, maana upepo na malori huyala njiani. Wa mbele akilia "shimo!", wa nane husikia "simu" na kuanza kujipapasa mfukoni.

Hata hizo ishara zina shida zake. Ukionyesha kila shimo la barabara ya Kipushi utaendesha kwa mkono mmoja mpaka Zambia. Kwa hiyo Kapiteni, anayeongoza msafara, huonyesha yale tu ambayo mbuzi akiingia hatoki.

Siku hiyo tulikuwa 12, wawili wawili, tukielekea Kipushi. Ni kama kilomita 30, na karibu njia nzima ni tambarare kwa kuwa mji wetu umekaa juu ya uwanda ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Wenzetu wa Bukavu, mji wa milima, wakitusikia tukisema "tumepanda mlima" hucheka mpaka wanakaa chini. Mimi nilikuwa mkia, yaani yule anayebaki nyuma asiachwe mtu. Kazi ya mkia ina faida moja: mambo yakiharibika, unayaona yote, kwa mpangilio.

Asiyewahi kuendesha kwenye kundi aelewe hapa. Ukikaa nyuma ya mwenzako, umbali wa nusu mita kwa waliozoea na mita nzima kwa wageni, yeye anakukatia upepo na unaokoa robo ya nguvu zako, pengine zaidi. Gharama yake ni kwamba barabara huioni. Unaona mgongo. Unaenda kwa imani na kwa mkono wa aliye mbele. Na gurudumu lako la mbele likigusa ubavu wa gurudumu lake la nyuma, anayeanguka ni wewe, si yeye: usukani wako unazuiwa kugeuka, na baiskeli isiyoweza kugeuka hata kidogo haiwezi kusimama wima. Yeye anaendelea, anauliza tu nyuma kuna kelele gani.

Ilikuwa msimu wa mvua, na kando ya barabara akina mama walikuwa wamepanga mabeseni ya uyoga. Upande wa pili walikuja wauza makala, yaani mkaa, wanasukuma kinga zao, baiskeli za mizigo, kuelekea mjini, magunia yamerundikwa hadi juu ya kichwa, fremu zimeungwa kwa nondo. Wao wanabeba magunia. Sisi tulikuwa tumebeba ndizi, na bado tulikuwa tunalalamikia uzito.

Tena uzito ndio uliomfanya prezida, wiki ileile, atoe amri: hakuna haja ya kila mtu kubeba pampu. Pampu moja ya klabu inatosha, yake, nyembamba, iliyotoka Ubelgiji, na atakayeibeba ni Kapiteni. Kumpa pampu pekee mtu anayekimbia kuliko wote, mbele kabisa, ni uamuzi ambao mkia hauulizwi.

Kilomita ya 18, kasi 28 kwa saa, Kapiteni akamwona mama mkwe wake.

Alikuwa ameketi nyuma ya beseni la uyoga, anamtazama. Sasa mjue Kapiteni alivyovaa: kaputula ya baiskeli, ile nyeusi ya kubana, yenye kigodoro makalioni. Ni vazi zuri; linazuia michubuko, na sheria yake ni kwamba halivaliwi na nguo ya ndani. Lakini halikushonwa kwa ajili ya kupita mbele ya mama mkwe. Kumpita bila salamu ni matusi. Kumsalimia katika hali ile ni matusi makubwa zaidi. Kapiteni akachagua vyote viwili: mkono wa kushoto ukavuta fulana chini kufunika mapaja, mkono wa kulia ukapanda juu, kiganja wazi, "Jambo, mama!"

Kiganja wazi juu ya kichwa.

Wa pili alifunga breki kwa utii. Wa tatu alikuwa anakula ndizi. Mwalimu akagusa gurudumu la mbele yake akalala. Mwenzake akamlalia Mwalimu. Mweka hazina, ambaye siku zote husema ana macho ya haraka, alikwepea kulia na kushuka barabarani kwa ustadi kabisa, moja kwa moja ndani ya beseni. Watano chini. Hakuna aliyevunjika, ni viwiko na heshima tu. Kapiteni mwenyewe alikuwa bado anaendesha mkono juu, akidhani kelele ile ni sisi tunamsalimia mama pamoja naye.

Mama akasimama taratibu, akatazama uyoga, akatazama mweka hazina aliyeketi juu yake, kisha akamgeukia mkwe wake aliyerudi akijificha nyuma ya baiskeli.

"Njo weye, papa?"

"Njo miye, mama."

"Bantu bakubwa, banatembea na kaputula ya ndani mu barabara?"

Hakuna aliyejibu. Akafungua kitenge alichojifunga juu ya kingine, akamrushia Kapiteni bila kumtazama. Kisha akaanza kutaja bei ya uyoga kwa mweka hazina, ambaye alijadiliana akiwa bado ndani ya beseni, hali isiyompa mtu nguvu ya kupunguziwa. Tulinunua wote. Tuligawana kwenye mifuko ya mgongoni, mitatu kwa kila fulana.

Uharibifu sasa. Gurudumu la nyuma la Mwalimu, lenye spoki 32, lilikatika mbili upande wa kulia, na rimu ikahamia kushoto mpaka ikasugua breki. Dawa ya njiani ni kulegeza spoki jirani za upande wa kushoto nusu mzunguko kila moja, kuizungushia spoki iliyokatika kwenye mwenzake isije ikaingia kwenye gia, na kufungua breki hiyo ufike nyumbani na ya mbele. Baiskeli nyingine ilipinda kile kipande cha alumini kinachoshika kihamisha gia cha nyuma. Hicho usikinyooshe kwa nguvu barabarani, kinakatika. Unaiacha cheni kwenye meno ya katikati na huendi kabisa kwenye gia kubwa ya ndani, maana kihamisha gia kitaingia kwenye spoki na hapo utanunua gurudumu zima.

Ya tatu ilikuwa pancha tu. Tyubu ilikuwa na matundu mawili yaliyolingana, kama ya meno ya nyoka: tairi ilikuwa laini, ikabanwa kati ya rimu na ukingo wa lami. Viraka vilikuwapo. Tulisugua kwa msasa, tukapaka gundi nyembamba, tukangoja ikauke hadi kidole kisinate. Wengi hawangoji, wanabandika mbichi, halafu wanalaumu gundi. Tukabandika, tukarudisha tairi, na Kapiteni akatoa ile pampu ya Ubelgiji kwa fahari.

Kichwa chake kilikuwa cha valvu nyembamba, ile ya Kifaransa. Valvu ya tyubu ilikuwa nene, ya aina ya gari. Prezida akasema tusihofu, ana kiunganishi cha shaba. Kweli alikuwa nacho. Kilikuwa cha kufanya valvu nyembamba ikubali pampu nene. Sisi tulihitaji kinyume chake. Aliendelea kukigeuza huku na huku vidoleni, akitumaini upande mwingine utatokea.

Muuza makala mmoja aliyekuwa akipumzika akafungua mfuko, akatoa pampu ya chuma nzito kuliko baiskeli ya prezida, ileile anayojazia pikipiki ya kaka yake. Mikandamizo michache tairi ikawa ngumu. Akakataa pesa. Alichoomba ni kuishika baiskeli ya prezida kwa kidole kimoja, akaiinua, akacheka, akaenda zake.

Tukaendelea, Kapiteni ndani ya kitenge. Hakuwa na njia. Mama alikuwa anatazama, na barabara ile imenyooka. Alikipandisha hadi magotini ili apite juu ya mtalimbo wa fremu, akakifunga kiunoni kwa fundo. Mbele palikuwa na upepo, na fundo la kitenge halikubuniwa kwa kilomita 27 kwa saa.

Kama mnavyojua cheni iko upande wa kulia, na sehemu yake ya juu hukimbia kwenda mbele, kuelekea meno makubwa ya pedali. Pindo likadondokea hapohapo. Meno yakalidaka. Kila alipokanyaga, pedali zikamla sentimita kadhaa za sketi, na kiuno kikavutwa chini upande wa kulia. Angeacha kukanyaga mambo yangekwisha, lakini mtu anayevuliwa na baiskeli yake hufanya haraka, na haraka yake ni kukanyaga. Alilala barabarani polepole, bila kishindo, dereva wa lori la madini akipiga honi kwa kumtia moyo.

"Mkate!" akalia prezida. Kukata kitenge cha mama mkwe hakuna aliyethubutu. Njia sahihi ni kuzungusha pedali kinyumenyume kwa mkono huku mwingine anavuta nguo juu na nyuma. Kikikaza, unasukuma mkono wa kihamisha gia mbele ili cheni ilegee, unaishusha kwenye meno, kisha unakifungua kitenge mkunjo kwa mkunjo. Kilitoka kizima, kikiwa na nusu duara ya alama za meno, kila jino na oili yake nyeusi.

Kipushi tulikunywa chai huku tukikisugua kwa sabuni na petroli kidogo. Oili ikasambaa, meno yakabaki. Uyoga mifukoni, kwa jasho na joto la migongo, ulikuwa umeanza kuiva.

Kurudi njia ni ileile. Mpango ulikuwa kumficha Kapiteni katikati, vichwa chini, kilomita 35 kwa saa, tupite kabla mama hajainua macho. Mwalimu na gurudumu lake akaahidi kujitahidi. Tulipokaribia, mama alikuwa amevuka barabara na kusimama mbele yetu, mkono juu, kiganja wazi.

Wote 12 tulisimama. Hakuna tairi lililogusa tairi.

Akakipokea kitenge, akakikunjua kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye yale meno moja baada ya jingine.

"Papa," akamwambia mkwe wake, "dukani habauzishi kitenge moya. Ni yadi sita."

Kapiteni akageuka kumuuliza mweka hazina kama mfuko wa klabu unagusa mambo ya aina hiyo. Mweka hazina alikuwa tayari mita 50 mbele, peke yake kwenye upepo, anatikisa kiwiko.