Kabla ya saa ya pili, fungua mfuniko wa ile ya kwanza

Msimu wa korosho ukifika, kati ya Oktoba na Desemba, fedha za mnada zinaingia mikononi na mpenzi wa saa za kamani, zile zinazoendeshwa na springi badala ya betri, anaanza kuitamani saa ya pili. Safari hii anataka yenye uso wa kijani. Ushauri wangu hautawafurahisha wauzaji: ngoja kwanza. Ifungue mfuniko wa nyuma hiyo uliyonayo, uangalie ile ringi ya mpira inayozuia maji, ambayo mafundi wa pikipiki wanaiita oringi. Ukiikuta imelala bapa, imekakamaa, au imekuwa ya kunata kama lami, basi saa yako haizuii maji tena, hata kama mgongoni imeandikwa mita 100.

Mengi yanayoandikwa kuhusu saa hizi yanatoka kwa watu wa nchi za baridi. Huko wanabishana kuhusu sekunde mbili kwa siku. Kwetu pwani ya kusini mwa Tanzania, Shangani, Mikindani au Kilwa Masoko, sekunde mbili si hoja. Tuna upepo wenye chumvi, jasho la miezi kumi na miwili, na mvua zinazoanza mwishoni mwa mwaka na kwenda mpaka Aprili. Wanaposema saa ihudumiwe kila baada ya miaka 5 wanazungumzia mafuta ya ndani, na hapo wako sahihi. Oringi haiwezi kungoja miaka 5 katika joto hili. Ikaguliwe kila mwaka, na mwezi mzuri ni Novemba, kabla ya mvua na kabla ya watu kuhamia ufukweni sikukuu.

Maji yana milango mitatu: mfuniko, kioo na ufunguo, yaani kile kichwa cha pembeni unachokivuta kutega majira. Mfuniko na kioo vimetulia mahali pamoja. Ufunguo unavutwa, unasukumwa, unazungushwa, na ndani yake kuna oringi ndogo kuliko punje ya mtama inayosuguana na bomba la chuma kila mara. Ndiyo maana kutu ya saa za pwani karibu zote huanzia kwenye shina la ufunguo. Ukinunua saa iliyotumika, mwombe muuzaji aifungue mbele yako na utazame hapo. Doa la kahawia kwenye shina au kwenye magurudumu ya jirani yake lina maana kwamba maji yalishaingia, na uso wa saa uliopakwa rangi upya usikudanganye. Kutu hiyo haikai mahali pake. Unga wake unatembea na mafuta mpaka kwenye ncha za magurudumu, na unga wa kutu ndio huohuo ambao masonara hung'arishia dhahabu. Unakula chuma polepole.

Kubadilisha oringi ya mfuniko ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye mikono iliyotulia. Safisha kwanza nje ya saa kwa mswaki laini na maji yenye sabuni kidogo, hasa mfereji unaozunguka mfuniko. Ukifungua bila kusafisha, uchafu wote wa jasho unadondokea kwenye mashine. Kausha kabisa. Mfuniko wa kuzungusha hufunguliwa kwa koleo lake, na kama haukukazwa sana hata mpira mdogo wa kuchezea unaonata unatosha kuulegeza. Wa kubana hufunguliwa kwa kisu butu kwenye kile kijipengo, si popote utakapoona pana nafasi. Toa oringi ya zamani kwa kijiti cha kuchokolea meno. Usitumie sindano, maana mkwaruzo mmoja kwenye mfereji ni njia ya maji. Pima kipenyo cha mfereji na unene wa mpira kwa vernia, kile kipimo chenye taya mbili. Tofauti kati ya milimita 0.6 na 0.8 ni kubwa: nyembamba haibani, nene inachomoza na kukatwa mfuniko ukikazwa.

Kisha grisi. Ni grisi ya silikoni, na kiasi chake ni kile cha kuifanya oringi ing'ae tu. Ukiona imebaki nyeupe kwenye kona, umezidisha, ifute. Vaselini haifai. Inalainika kwa joto la mkono na jua la saa saba, inatambaa mpaka kwenye mashine, na oringi inabaki kavu.

Kuna dawa mbili za barazani zinazoua saa kuliko bahari yenyewe. Ya kwanza ni gundi ya supa. Mtu akiona kioo kinalegea anaizungushia, na mvuke wake unaganda kama ukungu mweupe kwenye kioo na uso wa saa, tena hautoki kwa kufuta. Ya pili ni silikoni ya madirisha, ile yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi halisi inayotoka wakati silikoni inakauka. Ukiifungia ndani ya saa umepanda kutu kwa mkono wako. Fundi akikwambia ataiziba saa moja kwa moja isiingie hata tone, muulize anaziba kwa kitu gani. Akitaja mojawapo ya hizo, mshukuru na uondoke na saa yako.

Oringi ya ufunguo ni ngumu zaidi. Katika saa nyingi za bei ya kawaida haibadilishwi peke yake, unanunua ufunguo mzima. Ili shina litoke, kwenye mashine nyingi za Seiko kuna kishimo kidogo kando yake ambacho hukanyagwa taratibu kwa ncha ya bisibisi huku ukivuta. Ukikikanyaga kwa nguvu, vijichuma vya kutegea majira vinaruka nafasi zao, na hapo lazima akrabu na uso wa saa ving'olewe ili kuvirudisha. Kama hujawahi kung'oa akrabu, hiyo mwachie fundi.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni hewa unayoifungia ndani. Mchana wa Januari, nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 80, hewa hiyo huanza kutoa umande ikipoa kufikia kama nyuzi 26. Ukifunga mfuniko saa nane mchana kwenye baraza kisha ukaingia ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 20, kioo kitapata ukungu kwa ndani wakati oringi ni nzima kabisa. Mtu anapiga kelele kwamba fundi kamharibia. Dawa ni kufungia saa kwenye chumba chenye kiyoyozi, au kuilaza usiku mzima mfuniko ukiwa wazi ndani ya kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, halafu uifunge asubuhi papo hapo. Mchele hauwezi kazi hiyo. Unanyonya kidogo sana na unaacha unga.

Saa ikishafungwa na hewa kavu, unaweza kuipima bila mashine ya shinikizo. Kipimo hiki kimo hata katika viwango vya kimataifa vya saa zisizopenya maji. Ilaze juu ya bamba la chuma lenye joto la nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 10 mpaka 20. Mfuniko wa sufuria juu ya maji ya vuguvugu unatosha, ila tumia kipimajoto, usikisie kwa kidole. Dondoshea tone la maji baridi katikati ya kioo, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukionekana ndani ya kioo pale lilipokaa tone, kuna unyevu. Na sasa unaona kwa nini hewa kavu ilitangulia: bila hiyo, kipimo kitaishutumu oringi isiyo na kosa.

Hata ikifaulu, maandishi ya mgongoni yasomwe kwa akili. Saa iliyoandikwa tu kwamba inastahimili maji, bila namba, ihesabie bar 3 (bar ni kizio cha shinikizo, na bar 10 ndiyo ile mita 100), yaani kunawa mikono na manyunyu ya mvua. Kuogelea Msimbati kunataka bar 10 na zaidi. Pia usitoke juani na saa imechemka ukajitupa majini. Hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia penye udhaifu wowote.

Kwa wa mashambani, Newala na Tandahimba, adui ni salfa. Mikorosho ikianza kuchanua na kupulizwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, unga wa njano wa salfa unaingia kwenye kila upenyo. Salfa huigeuza fedha na shaba kuwa nyeusi, kwa hiyo saa yenye uso uliopakwa fedha, au yenye kasha la shaba ambalo kromu yake imechubuka, itabadilika rangi. Siku ya kupuliza saa ibaki nyumbani.

Saa gani basi inaifaa pwani hii? Seiko 5, ambazo zilianza kutoka mwaka 1963, zina sifa moja ambayo wabishi wa mtandaoni wanaiita kasoro. Mashine ya 7S26, iliyoingia mwaka 1996 na vito vyake 21, yaani vijiwe ambamo ncha za magurudumu huzungukia, haijazwi kamani kwa kuzungusha ufunguo. Inajazwa na mkono unavyotembea. Kwetu hiyo ni baraka, kwa sababu ufunguo hauguswi kila siku, na umewekwa palipo namba 4, umejificha kidogo. HMT Janata ya India ni saa nzuri, nyembamba, lakini inataka kutiwa ufunguo kila asubuhi, maana yake unausugua mlango wa maji mara 365 kwa mwaka. Ivaliwe ofisini. Vostok Amphibia ya Urusi, iliyotoka mwaka 1967 kwa ajili ya mita 200, ina mfuniko unaosukumwa na maji yenyewe ukakandamize oringi nene ya bapa. Ufunguo wake ukiufungua unacheza kama jino bovu. Si ubovu, ndivyo ulivyoundwa. Wakati wa kuurudisha uzungushe kinyume kwanza mpaka usikie umetua, ndipo ukaze. Ukilazimisha, nyuzi za bomba zinakatika. Ndugu yake Komandirskie ya zamani ina kasha la shaba lililochovywa kromu, na jasho letu linaitoboa vijishimo pembeni mwa masikio ya mkanda. Na kwa saa yoyote, zibadilishe pini za mkanda mara tu zikionyesha kutu. Ni vitu vya bei ndogo, na ndizo zinazoangusha saa nzima kwenye maji ya gatini.

Kuhusu tarehe: kwenye 7S26 usibadilishe tarehe kwa haraka kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, kwa sababu meno yameshashikana na yanavunjika. Kuna wanaotega saa zao kwa majira ya Kiswahili, akrabu ya saa ikisimama kwenye 12 jua likizama. Hao tarehe yao inaweza kugeuka magharibi, jambo ambalo kwa kalenda ya Kiislamu ni sahihi kabisa, ila muda wao wa hatari unahamia kati ya saa 9 alasiri na saa 4 usiku.

Mafuta nitayapita haraka. Mafuta ya cherehani si ya saa. Yanatambaa, yanaacha ncha kavu na kuinasisha kamani ya mizani, ile nyembamba kama unywele, na saa inaanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku. Saa iliyonaswa na sumaku ya spika inakimbia vilevile, kwa hiyo isogeze karibu na dira kabla ya kumlaumu fundi: sindano ikicheza, inahitaji kuondolewa sumaku tu. Fundi makini ana angalau mafuta mawili, jepesi kama Moebius 9010 kwa ncha za kasi na zito kama HP1300 kwa za polepole, na hajazi kikombe cha kito. Nusu hadi theluthi mbili inatosha.

Maji ya bahari yakishaingia, hesabu ni ya saa chache. Kila lita ina takriban gramu 35 za chumvi, na kuianika juani kunaifanya chumvi ikaukie ndani ya mashine na kuendelea kuvuta unyevu. Usivute ufunguo kujaribu kama inatembea. Ifungue. Kama unaweza kutoa mashine, ng'oa akrabu na uso wa saa, kisha isuuze mara mbili au tatu kwa maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri (soma chupa vizuri, isije ikawa asidi), halafu itumbukize kwenye kichupa cha petroli ya viberiti na ufunge kizibo. Usiiache kwenye spiriti, kwani inayeyusha shelaki inayoshika vito vidogo vya nanga, kile kichuma kinachopiga tik-tik. Kama huwezi kuitoa, funga safari kwa fundi siku hiyohiyo na umwambie neno moja kabla hajagusa kitu: ni maji ya chumvi. Akidhani ni ya bomba ataikausha tu na kukurudishia, na baada ya wiki mbili shina litakatikia mkononi mwako.