Maji ya Nakuru yako na ladha, tuache kudanganya watoto

Waulize watoto wa Gredi ya 7 sifa za maji, darasa lolote, Nakuru ama Kisumu ama Kakamega, watakujibu wote pamoja bila kupumua: hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Vizuri sana, pigeni makofi. Halafu kengele ya breki inalia, wanatoka mbio kwenda kwa tanki, na kabla hujafika stafrumu unasikia mmoja analalamika ati leo tumefunguliwa ya kisima, iko na chumvi, afadhali ya mvua. Mtoto ni yule yule. Sasa hivi tu ameniambia hayana ladha na nimempa tiki.

Sisemi kitabu kinadanganya. Maji matupu kabisa, yale ya kuvukizwa na kukusanywa mvuke wake, kweli hayana ladha. Lakini nani anakunywa hayo? Mimi nafundisha sayansi JSS (sekondari ya chini, Gredi ya 7 mpaka 9) hapa Nakuru, nimekulia Kisumu, na kwa maisha yangu yote sijawahi kuchota maji ambayo hayana kitu ndani. Kwa hivyo maoni yangu ni haya na najua kuna walimu wenzangu watanirukia: tunaanza hii topiki mahali pabaya. Sifa ya kwanza ya maji ambayo mtoto wa huku anafaa kujua ni kwamba maji huyeyusha vitu, vitu vingi sana, na hubeba kila kitu yalichopitia. Hizo za rangi na harufu zitakuja baadaye, na zikija mtoto atajua kwa nini ya kwao ni tofauti.

Na kemia yenyewe si ngumu vile watu wanaogopa. Haidrojeni mbili, oksijeni moja. Chora kichwa kimoja na masikio mawili yaliyokaa juu, si pembeni, hiyo ndiyo molekuli ya maji, imepinda. Upande wa oksijeni uko na chaji hasi kidogo, upande wa masikio chanya kidogo. Ukitumbukiza chumvi, ile sodiamu inavutwa na upande mmoja na kloridi inavutwa na ule mwingine mpaka zinaachana. Basi. Mtoto wa miaka 12 anaelewa hiyo kabisa, tena anaelewa haraka kuliko mzazi wake ambaye alikremu H2O darasa la nane na hajawahi kuulizwa hiyo 2 ni ya nini.

Sasa twende kwa vitendo. Ninawaambia walete maji kutoka nyumbani, chupa ndogo, waandike yametoka wapi: mvua, mfereji, kisima, ya kununua kwa mkokoteni. Nachukua vifuniko vya sufuria, vile vya aluminiamu, napindua, tunaweka kijiko kimoja cha kila maji na tunaweka juu ya jiko la makaa, moto mdogo. Ngoja yakauke. Ya mvua yanaacha karibu kifuniko kitupu. Ya kisima yanaacha duara jeupe, na pembeni ni nene kuliko katikati kwa sababu huko ndiko maji hukauka haraka zaidi. Hapo darasa linanyamaza, na wanaonijua wanajua darasa langu halinyamazi. Msichana mmoja alikwangua lile duara na ukucha, akataka kuonja, nikamwambia hapana, weka tone la ndimu. Akaweka. Ukisogeza jicho karibu sana unaona vipovu vidogo vikitoka, maana humo ndani kuna kaboneti na bikaboneti, na asidi ya ndimu ikizigusa inatoka kaboni dayoksaidi, gesi ile ile ya soda. Tayari umefundisha asidi na besi na hujafungua ukurasa.

Akaniuliza, mwalimu, kwa hivyo hii ndiyo inaharibu meno?

Hilo ndilo swali nilikuwa nangojea, na ndilo linafanya niandike hii makala. Watu wa Nakuru mnajua ninachosema. Ukienda chuo nje ya huku mtu anaangalia meno yako ya kahawia anakuuliza wewe ni wa Nakuru ama Naivasha? Kuna watoto hapa wanacheka na mkono kwa mdomo tangu wakiwa wadogo. Wanaambiwa hawapigi mswaki. Mama anapigiwa kelele na majirani kama ni yeye amekataa kununua dawa ya meno. Na hiyo yote ni kemia ya maji, kemia tupu, na sisi tunapita nayo tukiimba hayana rangi hayana ladha!

Jibu nililompa ni hili: hapana, lile jeupe unaloona si floridi, ile madini inayoharibu meno ikizidi, floridi ni kidogo sana huwezi kuiona. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, hiyo ni kitu hata ukiweka kwa kiganja unaweza kupuliza ikapotea. Lakini mawe ya huku Bonde la Ufa ni ya volkeno (volkeno ya Menengai hiyo hapo tunaitazama kila siku), yako na floridi, maji yanakaa ndani yake chini huko miaka na miaka yakiyeyusha polepole. Na kwa sababu maji ya huku mara nyingi hayana kalisiamu nyingi, floridi haipati wa kushikana naye na kubaki chini, inabaki majini. Ndiyo maana kuna visima vingi vinapita hicho kipimo, vingine kwa mbali.

Mvulana mmoja nyuma akasema, lakini mwalimu, dawa ya meno imeandikwa iko na floridi na tunaambiwa ni nzuri. Manze nilifurahi. Huyo hajakremu, huyo anafikiria. Ni kipimo tu, kidogo inakaza jino, ikizidi wakati jino bado linajengwa ndani ya fizi, mtoto mdogo, jino linatoka na madoa na baadaye yanageuka kahawia. Mswaki haufiki huko. Ukishampa mtoto hayo maelezo umemtua mzigo ambao haukuwa wake, na mimi naona hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya somo kuwepo.

Na utamu wa hii hadithi uko hapa. Jino na mfupa vimejengwa na kitu kimoja, kalisiamu na fosfeti, na floridi inapenda kuingia humo na kukaa. Sasa ukichoma mifupa ya ng'ombe vizuri kwa tanuri, ukaivunja chembe chembe, ukapitisha maji, floridi inaingia kwa mfupa badala ya kungoja jino la mtoto wako. Hapa hapa Nakuru Dayosisi ya Katoliki imefanya kazi ya hizo filta za mifupa kwa miaka. Wanafunzi wangu wengi hawajui, na wazazi wao wanajua tu kuchemsha. Kuchemsha kunaua viini, chemsha, tafadhali. Lakini floridi haiendi na mvuke. Maji yanapungua kwa sufuria, floridi inabaki pale pale, kwa hivyo ukiyachemsha sana kila lita iliyobaki iko na zaidi ya mwanzo. Nilipowapa kama homuwaki waeleze nyumbani, kuna mzazi alinipigia simu kuuliza kama ni mimi nimemwambia mtoto asichemshiwe maji. Tukaongea, tukaelewana, akauliza hizo filta zinapatikana wapi.

Kuna hii ingine ya nyuzi 100. Vitabu vyote: maji huchemka kwa nyuzi 100. Weka themomita kwa sufuria Nakuru, tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, inakwama kwa 94 hivi na haisongi hata ukiongeza makaa mpaka kesho. Kisumu ni kama 96. Hewa huku juu ni nyepesi, haikandamizi maji sana, kwa hivyo yanachemka mapema yakiwa na joto kidogo, na ndiyo maana githeri ya Nakuru inakula makaa kuliko ya Kisumu. Shida ni kwamba mtoto akiona 94 anaandika 100, kwa sababu amefundishwa kuamini kitabu kuliko jicho lake. Na kuna walimu wanawaambia themomita imeharibika! Themomita haijaharibika bana. Mwambie mtoto 100 ni ya Mombasa, kule ufuoni, na kwa mtihani aandike "kwenye usawa wa bahari", amemaliza.

Watoto wa Kisumu nao wamekaa kando ya darasa kubwa kuliko maabara yoyote, Ziwa Victoria. Gramu moja ya maji inataka joto la jouli 4.2 hivi ili ipande nyuzi moja, mchanga unatosheka na kama moja ya tano ya hiyo. Jua ni lile lile. Kwa hivyo mchana nchi kavu inapata moto haraka, hewa yake inapanda, na upepo unatoka ziwani kuja kujaza, usiku inageuka. Wavuvi wa tanga walijua hiyo zamani, wanatoka alfajiri na upepo wa nchi na kurudi mchana na wa ziwa. Mpeleke mtoto ufuo wa Dunga saa tisa mchana asimame tu hapo, na kama kwa nyanya yake bado kuna nyungu ya maji, aulize kwa nini ni baridi na hakuna stima. Jibu lake ni kwamba maji yanapenya udongo, yanavukizwa, na yakienda yanaenda na joto.

Kuhusu kuamini jicho, hakuna mfano mzuri kuliko Erasto Mpemba hapo Tanzania. Mwaka wa 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari pale Magamba, wanatengeneza aiskrimu, yeye akaweka maziwa yake kwa friji yakiwa bado moto na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza mwalimu. Akaambiwa umechanganyikiwa. Baadaye walimcheka kwamba hiyo si fizikia ya dunia, ni fizikia ya Mpemba. Hakuacha, akaja kumuuliza profesa aliyetembelea shule yake, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, huyo akaenda kujaribu badala ya kucheka, na mwaka wa 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama inatokea kweli na kwa nini. Mimi huwa nasoma hiyo stori nikiwa upande wa yule mwalimu aliyecheka, kwa sababu huo ndio upande ambao sisi tunaweza kujikuta bila kujua, ukiwa na watoto wengi na kipindi kinaisha.

Lakini tusije tukaelewana vibaya. JSS ilianza Januari 2023 ndani ya shule za msingi ambazo nyingi hazikuwa na maabara, na tangu siku hiyo mwalimu akiuliza vifaa anaambiwa abuni. Nimebuni. Kifuniko cha sufuria ni changu, makaa ni yangu, ndimu nanunua. Na sitaki mtu asome hii makala aseme mnaona, maabara haihitajiki. Inahitajika. Floridi haipimwi kwa kifuniko. Asidi kali huwezi kumpa mtoto darasani ambapo mfereji wa karibu uko nyuma ya jikoni. Ninachosema ni kwamba tukingojea maabara ndio tuanze kufundisha kemia, hawa wa sasa watamaliza Gredi ya 9 wakiwa na wimbo tu.

Na kwa wale wanaouliza silabasi itaisha lini nikicheza na vifuniko: itaisha. Michanganyiko, uvukizaji, asidi na viashiria, hali za maada, zote zimo kwa zile chupa walizoleta, nimezitia tiki kwa rekodi ya kazi moja baada ya nyingine. Muhula ujao nataka mtu wa Gredi ya 8 aniletee birika ya nyumbani ambayo haijawahi kusuguliwa ndani, na siki.