Tupeni chaneli moja ya kutazama pamoja

Jumapili iliyopita jioni tulikuwa nyumbani kwa mama, mtaa wa Umoja, Nairobi. Chai ya maziwa mezani, mandazi kwenye sinia, televisheni imewashwa na hakuna anayeitazama. Mama ameshika rimoti, anabonyeza kutoka stesheni moja hadi nyingine: wanasiasa wanafokeana, tangazo la kubashiri mechi, tamthilia ya ng'ambo iliyotiwa sauti, mhubiri anayetaja nambari ya kutuma sadaka. Mwishowe akailaza rimoti juu ya kitambaa cha kochi, akanyamaza.

Binti yangu, ana miaka 12, akamsogelea na simu. "Shosho, tazama huyu mzee." Alikuwa amepata kwenye YouTube kipande cha Vitimbi, kichekesho cha zamani cha televisheni ya Kenya. Mama akavaa miwani, akaisukuma simu mbali kidogo apate kuona vizuri, kisha akajipiga goti kwa kiganja. "Huyo si Ojwang'! Umemtoa wapi?" Wakatazama vichwa vimegusana. Mtoto hakuwahi kumwona Mzee Ojwang' kabla ya hapo, na bado alikuwa akicheka palepale nyanya yake alipocheka. Baada ya dakika kama nne hivi, bando likaisha. Mama akamrudishia simu na kumwuliza, "Kesho watamwonyesha saa ngapi?"

Swali hilo limenikaa kichwani wiki nzima. Kwa mama, kipindi ni kitu chenye saa yake. Unamaliza kupika, unanawa mikono, unaketi, na wenzako wanaketi. Hatafuti kitu kwenye simu, wala hatajifunza kutafuta akiwa na miaka 74 na macho yanayotoa machozi. Kila nikilalamika kwamba televisheni yetu haina tena vipindi vya familia, naambiwa vyote vimo mtandaoni. Vipande vimo, ndiyo. Lakini simu ni ya mtu mmoja, na bando lina mwisho.

Nataka chaneli ya vichekesho, michezo ya kuigiza na nyimbo za zamani, inayoonekana bila malipo ya mwezi, ambayo mama anaweza kuifungua na mjukuu akaketi hapohapo bila mtu yeyote kuhitaji kukohoa na kugeuza uso.

Sisi tuliolelewa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, miaka ya 1980 tulikuwa na stesheni moja tu, Sauti ya Kenya, tuliyoiita VOK, ambayo mwaka 1989 ilibadilishwa jina ikawa KBC, shirika la utangazaji la taifa. Kwenye ploti yetu televisheni ilikuwa moja: Great Wall ya inchi 14, isiyo na rangi, ya mzee mmoja aliyefanya kazi reli. Aliiweka ndani ya kabati la mbao lenye milango, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Saa ya Vioja Mahakamani, kichekesho cha kesi za mahakamani, ikikaribia, watoto tulipanga foleni mferejini kuosha miguu, kwa kuwa mkewe hakuruhusu mguu wenye vumbi juu ya zulia lake. Kijana mmoja alipanda kushika mlingoti wa antena. "Imeshika?" anauliza kutoka juu ya mabati. "Bado! Chenga tupu!" Anazungusha tena, polepole, na ghafla uso wa hakimu unatokea, chumba kizima kinashusha pumzi.

Nikikumbuka vizuri, tulichokuwa tukikipenda hasa ni lugha. Makokha anasimama kizimbani na Kiswahili chake cha Magharibi, Ondiek Nyuka Kwota anajibu kwa Kiswahili cha ziwani, hakimu anawatuliza kwa Kiswahili sanifu, na sisi tuliokuwa tumeketi chini tulitoka makabila sita au saba. Kila mmoja alisikia sauti ya mjomba wake ikichekwa, akacheka pia. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang', alikuwa Mkikuyu aliyeigiza kwa lafudhi ya Kijaluo, naye alipendwa kote. Alipofariki Julai 2015, jirani yangu aliyetoka Siaya alilia kama aliyefiwa na ndugu. Mama Kayai, mke wa Ojwang' katika Vitimbi, alipomfokea mumewe kwenye skrini, akina mama wa ploti walijibizana naye kana kwamba yuko jikoni. Sijaona tangu wakati huo kitu kilichowaketisha majirani pamoja namna ile.

Nafasi ya chaneli kama hiyo ipo. Wakazi wa Nairobi watakumbuka Februari 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa na stesheni kubwa tatu za binafsi zikakaa karibu wiki tatu bila kuonekana. Tulikimbilia ving'amuzi, wengine wakakopa ili kuvinunua. Sababu tuliyopewa ilikuwa ya kweli: masafa yaliyobeba stesheni moja ya analojia yanaweza kubeba chaneli za kidijitali zaidi ya kumi. Nafasi zikaongezeka. Zikajazwa na nini? Fungua king'amuzi uhesabu chaneli za mahubiri na za miziki inayojirudia. KBC yenyewe ilianzisha Y254 kwa ajili ya vijana, jambo zuri kabisa. Basi na wazee wao, na watoto walio chini yao?

Wala si ndoto ya mtu mmoja. Uingereza kuna Talking Pictures TV, iliyoanza mwaka 2015, inayoonyesha filamu na vipindi vya kale. Waliianzisha baba na binti yake, wakiiendesha kutoka nyumbani kwao. Ikiwa familia moja iliweza, shirika la utangazaji la taifa lenye ghala lake la kanda linaweza.

Kuna jambo moja ambalo sitaki lipitwe haraka, nalo ni malipo. Wengi waliotuchekesha walizeeka bila kitu. Mzee Ojwang' mwenyewe, macho yalipomsumbua mwaka 2014, Wakenya walichanga ili atibiwe. Nilituma mchango wangu kwa simu, na nilipopata ujumbe wa kuthibitisha nikaona uchungu, kwa kuwa mtu aliyeingia kila nyumba hakupaswa kuchangiwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua haki za waigizaji, na kuna vyama vinavyokusanya mirabaha, yaani malipo ya kazi inapotumiwa tena, kwa niaba yao. Chaneli hii ianze na mikataba. Kipindi kikirudiwa, aliyeigiza alipwe, na kama ametangulia mbele za haki, walipwe watoto wake. Bila hilo afadhali kanda zibaki kabatini.

Rafiki yangu mmoja anasema vichekesho vile vimepitwa na wakati, kwamba kuna utani kuhusu wake na kuhusu makabila ambao leo hautavumilika. Mwingine upo kweli. Vipindi hivyo vipitiwe kimoja kimoja, vipewe alama ya umri kama filamu nyingine, na vingine viwekwe usiku. Mamlaka ya Mawasiliano tayari inataka vipindi vya kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vifae watu wote, kwa hiyo kipimo kipo. Lakini hoja hiyo isitumike kufungia kila kitu. Mtoto wangu alicheka kwa sababu mzee alikuwa amedanganya, akabanwa na mke mwenye akili kumshinda. Hilo halijapitwa.

Ningependa pia katuni za jioni watoto wakitoka shule, kwaya za Jumapili asubuhi, mieleka ya Jumamosi ambayo baba yangu aliiamini mpaka akafa, na muziki wa bendi zetu za rumba. Taarifa ya habari isiwepo kabisa, kwa sababu siasa tunayo ya kutosha kwingine.

Nilimwuliza mama juzi kwa simu, kama wangeniita kupanga ratiba, Vitimbi niiweke saa ngapi. Hakufikiri sana. "Weka saa moja na nusu," akasema, "taarifa ikiisha. Saa tatu huwa nimeshalala."