Halua Nusu Kilo, Meno Manne

Kwanza kabisa, ilikuwa halua, si samli. Pili, ilikuwa nusu kilo, si kilo tatu. Nayasema haya mapema kwa sababu yule rafiki yangu wa Likoni, ambaye hawezi kuvuka feri bila kumsimulia jirani jambo, keshalisambaza toleo lake tangu jana asubuhi, na leo muuza mahamri wa hapa kwetu Kibokoni alinifungia mbaazi huku akiniuliza, "Profesa, meno hayajambo?" Ningemjibu, lakini nilikuwa nakula kwa deni.

Basi nisikilizeni na mimi mwenye msiba.

Mnaonifuata mnalijua kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza. Mnalijua kwa sababu nimewachosha nalo. Admini ni fundi simu wa Kongowea, ambaye duniani hampendi mwanamuziki mwingine ila John Deacon, mpiga besi, kwa vile bwana yule aliokota saketi iliyotupwa jalalani akaigeuza amplifaya, na bendi ikarekodi nayo. "Huyo ndiye fundi," husema, "wenziwe ni waimbaji tu." Yuko mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa Tudor, mpole, asiyesahau mwaka. Yuko dada mmoja daktari wa meno, aliyeingia kundini siku aliposikia kwamba Roger Taylor mpiga ngoma alianza kwa kusomea udaktari wa meno huko London. (Huyu dada mshikeni vizuri, tutamhitaji.) Na niko mimi, niliyebandikwa uprofesa nisiousomea na nisiukatae.

Uongo wenyewe ulizaliwa saa saba usiku. Jamaa mmoja wa Nairobi, sijui nani alimwingiza, aliandika kwamba sisi watu wa Pwani tuachiwe taarabu yetu, roki tuwaachie wenyewe. Wallahi nilikaa kitako kitandani. Nikamwandikia: Freddie Mercury, huyo mwimbaji wa Queen unayemwabudu, ni mtu wa Pwani. Kazaliwa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, babake mtunza fedha katika serikali ya Mwingereza. Ile "Bismillah" iliyomo kwenye "Bohemian Rhapsody", wimbo wao wa 1975, wadhani aliiokota Nairobi?

Yote hayo ni kweli tupu. Mioyo myekundu ilinyesha. Jamaa akanyamaza. Mtu mwenye akili hapo anazima simu na kulala.

Mimi nikaongeza: "Isitoshe, Bibi yangu alikuwa akimjua."

Bibi yangu ni Muunguja kweli, hilo sikudanganya. Lakini kalelewa mtaa wa Ng'ambo, si Mji Mkongwe alikozaliwa Freddie, na watu mashuhuri aliowahi kuwajua ni fundi cherehani mmoja na mwanamke aliyekuwa akiuza urojo. Nilitegemea kundi litasema "mashaallah" na kupita. Mwalimu hakupita. Aliandika taratibu, kwa nukta na koma zake:

"Alimjua lini, Profesa?"

"Utotoni."

"Mtoto yule alipelekwa shule ya bweni India, Panchgani, akiwa na miaka minane. Bibi alikuwa na umri gani?"

Nikahesabu vidole. Bibi wakati huo hata meno ya mbele alikuwa hajayabadilisha.

"Ni aliporudi, Mwalimu."

"Alirudi 1963. Na 1964, baada ya mapinduzi, familia nzima ikahamia Uingereza."

"Ndiyo hapo katikati!" nikaandika, na alama tatu za mshangao.

Uongo wangu ukajipatia kanafasi ka mwaka mmoja, ukatandika mkeka ukalala. Mwaka huo wa 1963 Bibi alikuwa hapa Mombasa kwa mamake mdogo, akijifunza kushona. Lakini nani angejua? Kwa miezi minane nikala heshima. Nilikuwa naitwa "mjukuu wa shahidi."

Mpaka admini alipotangaza: tarehe 5 Septemba, siku ya kuzaliwa kwake Freddie, tutakutana hewani kwa simu ya kundi, baada ya isha, na mgeni wa heshima ni Bibi yake Profesa.

Nilikwenda kwa Bibi siku mbili kabla. Nikamwamkia shikamoo ya adabu mno, naye akaitikia marahaba huku akinitazama kama anayehesabu hela zake.

"Wataka nini?"

Nikamweleza. "Fredi yupi?" akauliza. "Yule wa gereji Buxton?"

"La, Bibi. Mwimbaji."

"Wa taarabu?"

"Wa roki."

"Mimi na roki wapi na wapi?"

Nikamwambia ni mambo matatu tu ya kusema. Moja, alikuwa na meno mengi. Manne ya ziada, na mwenyewe aliamini ndiyo yaliyompa ile sauti. Mbili, alikuwa akipiga kinanda. Tatu, alikuwa mpole mwenye haya.

"Na mimi sikumwona."

"Hukumwona, Bibi."

"Sasa si uongo huo?"

"Ni mapambo tu, Bibi."

Akafikiri. "Mapambo yana bei," akasema. Tukaafikiana halua nusu kilo, ile yenye lozi. Yeye alitaka kabla, mimi nikasema baada. Jamani, mkimpa mzee kazi ya uongo, lipeni kabla. Ningelipa siku ile, leo ningekuwa nanunua mahamri kama watu wengine.

Juzi ikafika. Bibi kajitanda kanga mpya, kakaa juu ya mkeka, maji kando. Simu nimeiegemeza kwenye birika, sauti nimeitoa nje ili sote tusikie. Watu 27 ndani. Wa Nairobi naye yumo. Rafiki yangu wa Likoni, ambaye Queen haimhusu ndewe wala sikio, kaomba aingizwe "kumsikiliza Bibi tu." Ningejua.

Admini akakaribisha. Bibi akatoa salamu ndefu iliyomgusa kila mmoja, wakamwitikia, na mimi nikaona mambo haya yanakwenda. Akaanza.

"Huyo Fredi," akasema, "alikuwa na meno."

Kimya cha heshima. Mtu akasema "Allah!" kama aliyeona mwezi.

"Meno mengi. Na alikuwa akipiga kinanda. Na alikuwa mpole, ana haya."

Makofi. Nawaapia, makofi. Mtu mmoja alisikika akipenga kamasi. Mwalimu mwenyewe akasema, kwa sauti iliyolegea, "Ahsante sana, Bibi. Hii ni historia." Nikanyoosha mkono kuiendea simu niseme neno la shukrani nifunge kikao.

Hapo ndipo alipoingia daktari wa meno.

"Shikamoo Bibi. Samahani, mimi kazi yangu ni meno. Hayo ya ziada, yalikuwa ya juu au ya chini?"

Naomba twende polepole hapa, kwa sababu hata mimi kila nikifumba macho naenda polepole.

Bibi hakuitazama simu. Alinigeukia mimi. Uso wake haukuwa na aibu wala wasiwasi. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa kazi na tajiri asiyempa vifaa. Nikamtolea macho. Nikaonyesha kidole juu. Akakitazama kidole. Akatazama dari. Akanirudia mimi. Na kwa ile sauti yake ya kumwita mtu aliye ghorofa ya pili, akasema:

"Hilo la juu na chini hukunambia."

Hakuna aliyepumua. Watu 27, hata feni zao zilinyamaza. Nikatikisa kichwa, nikakunja uso, nikamfanyia ishara zote anazozijua binadamu. Bibi akazifasiri kwamba nina haraka.

"Nishasema ya meno. Nishasema ya kinanda. Na ya haya nimesema. Matatu yako yametimia." Akanyoosha kiganja juu ya mkeka. "Sasa nipe halua yangu."

Nikairukia simu. Birika likaanguka, maji yakamwagika, nikabonyeza alama ya kwanza niliyoiona. Kimya kikatanda. Alhamdulillahi, nikasema, nimekata. Nikaibwaga simu kifudifudi mkekani kama mtu anayeua mende.

Mafundi mlioko humu mshaelewa. Sikukata. Nilizima spika tu. Ile sauti ndogo ya masikioni ikabaki inazungumza na mkeka, na maikrofoni iko wazi kama mlango wa baraza.

"Bibi, umeniua," nikasema.

"Halua."

"Bibi, watu wale wananiita Profesa!"

"Kwani we huyo Fredi ulimjulia wapi?"

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na uchungu, na kwa kuwa nilidhani tuko wawili, nikatubu. Nikasema nilimjulia kwenye ile sinema ya 2018 ya maisha yake, kwenye flashi ya kuazima, tena kopi ambayo kuna mtu anapita mbele ya skrini. Nikasema zile kaseti za marehemu babangu ninazojigamba nazo kundini ni za taarabu, zote, na moja ni ya mawaidha. Nikasema Mwalimu yule ni mtu mzuri ila kazi yake ni kuhesabu miaka ya watu kama malaika wa kushoto. Nikasema admini anampenda Deacon kwa sababu ndiye pekee asiyeimba, na yeye admini akiimba paka wa Kongowea huhama. Kuhusu wa Nairobi sitayarudia niliyosema. Mnayo. Kila mtu anayo.

Bibi akasikiliza, akanionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza. "Basi niimbie," akasema, "niuone huo uimbaji uliokutia wazimu."

Nikasimama. Nikachukua mwiko. Nikamweleza kwamba tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley huko London, Freddie alisimama na nusu ya fimbo ya maikrofoni mbele ya watu zaidi ya elfu 70, akatoa sauti moja, nao wakamrudishia. Nikavuta pumzi, mguu mmoja mbele, mwiko juu.

"Eeeeee-o!"

"Eeeo," akaitika Bibi, kwa adabu.

"Eeeeee-o!"

Na huko mkekani simu ikaanza kutetemeka. Ikatetemeka, ikazunguka, ikatambaa majini kama kaa wa mikokoni. Nikaigeuza.

Dakika 19 na sekunde 40. Bado zinahesabu. Queen walipewa Wembley dakika kama 20, na mimi nikapewa zangu. Nikaiweka sikioni, na ndani yake, watu 27, wanaume kwa wanawake, kwa pamoja, bila kukosea:

"Eeeeee-o!"

Yaliyofuata ni mafupi. Nilikata, safari hii kweli. Nikajitoa kundini. Admini akanirudisha baada ya dakika tatu. Nikajitoa tena, akanirudisha na kunipa cheo cha "Paka wa Kongowea." Mwalimu ametuma ujumbe mmoja tu: "Malaika wa kushoto ameshaandika." Wa Nairobi ameifanya ile "hilo la juu na chini hukunambia" kuwa mlio wa simu, na nasikia umefika Malindi. Rafiki yangu wa Likoni ndiye aliyerekodi, na kilo tatu za samli kaziongeza mwenyewe, Mungu anamwona. Daktari wa meno aliniomba radhi faraghani, akacheka katikati ya kuomba, akaufuta ujumbe.

Ah, na kwa wanaouliza: ya juu. Yalikuwa nyuma, taya la juu. Nilikuwa nalijua. Kidole changu kilikuwa sahihi.

Halua nililipa usiku ule ule, na Bibi akakata robo ya ziada kwa ajili ya mkeka ulioloa. Nilidhani tumemalizana. Leo adhuhuri kanipigia kwa simu ya shangazi. Anasema wale watoto wamemtafuta, wana heshima kuliko mimi, wanataka awahadithie Unguja ya zamani, ya kweli, yule muuza urojo na wote, leo baada ya isha. Mwalimu keshatanguliza halua kilo nzima.

Mimi sikualikwa. Bibi anauliza tu kama naweza kumpelekea chaja.