Jongoo bahari mkavu, DNA ya mama, na nani wa kumpa jina

Ukishika jongoo bahari mkavu mkononi, yaani kashatolewa utumbo, kachemshwa, kaanikwa juani mpaka kawa mgumu kama kipande cha gogo, ndo unaelewa kwanini wanasayansi wamekimbilia mitokondria, vile vijisehemu vya ndani ya seli vinavyotengeneza nishati na vyenye DNA yao wenyewe. Rangi imepotea, kasinyaa, ngozi imejaa vumbi la chokaa, alafu mtu anakuuliza huyu ni spishi gani.

Njia ya zamani ipo na mi naiheshimu sana. Unakata ngozi kidogo kama punje ya mchele, unadondoshea jiki, nyama inayeyuka, zinabaki chembe za chokaa ambazo kwenye hadubini zinaonekana kama vimeza na vifungo vya shati, kila spishi na za kwake. Shida ni kwamba spishi zinazokaribiana sana chembe zao nazo zinafanana.

Hapo mitokondria inasaidia kweli. DNA yake ni fupi, kwa wanyama wengi kama herufi 16,000 (yaani vipande vidogo vinavyopangwa mstari kuunda DNA) na jeni 37, na kila seli ina nakala kibao kwahiyo hata kwenye nyama iliyochemshwa mara nyingi unaambulia kitu. Mfano ninaoupenda ni jongoo bahari anayeitwa pauni mweusi. Zamani yule wa huku Bahari ya Hindi na yule wa Pasifiki wote waliitwa Holothuria nobilis, mpaka 2004 watafiti wa Australia wakalinganisha DNA ya mitokondria wakaona ni wawili tofauti, yule wa Pasifiki akarudishiwa jina la whitmaei alilopewa tangu 1887. Na sio mambo ya makaratasi tu, maana 2019 wote wawili pamoja na pauni mweupe waliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, sasa kibali cha kusafirisha nje kinataka nchi ionyeshe kwamba biashara haimalizi spishi hiyo. Jina lingebaki moja, hesabu za Australia zingechanganywa na za Zanzibar na mvuvi wa huku angebeba mzigo usio wake.

Lakini sikubaliani na wanaosema basi tusome jenomu nzima ya mitokondria, yaani DNA yake yote mwanzo hadi mwisho, tumalize ubishi. Zile jeni 37 zinarithiwa kwa pamoja, kwa kawaida kutoka kwa mama tu, kwahiyo sio mashahidi 37, ni shahidi mmoja anaongea muda mrefu. Spishi mbili zikizaliana, upande wa baba hauonekani kabisa. Na kwenye kome wa jamii ya Mytilus hata hiyo kanuni ya mama inavunjika, dume anabeba pia mitokondria ya baba yake, sasa ukichukua sampo bila kujua umechukua sehemu gani ya mwili unaweza ukadhani umepata spishi mbili kumbe ni dada na kaka!

Alafu kuchemsha kunakatakata DNA, jenomu nzima inakuwa ngumu kuipata, wakati kipande kifupi cha jeni moja ya mitokondria iitwayo COI, zile herufi kama 650 ambazo Paul Hebert na wenzake wa Guelph, Kanada walipendekeza 2003 ziwe bakodi ya wanyama, bado kinaweza kutoka. Kwa ukaguzi wa bandarini hicho kinatosha kabisa. Jenomu nzima iende kwenye swali la koo za zamani, nani katokana na nani.

Kinachoniuma zaidi ni hazina za data, kule watafiti wanakoweka DNA waliyosoma pamoja na jina la spishi. Kompyuta inalinganisha herufi zako na za mtu aliyetangulia, yeye kama alikosea jina siku ya kwanza basi kosa linanakiliwa na kila anayemfuata. Ndo maana ningetaka kila sampo ipigwe picha jongoo akiwa bado mbichi kabla hajaingia sufuriani, liandikwe na jina analomwita mvuvi, chembe za ngozi zitunzwe, na jeni kadhaa za kwenye kiini cha seli zisomwe pia, maana huko ndo baba anaonekana.