Masta ya fasihi: inakutengeneza mwandishi au inakuchelewesha?

Juzi jioni tumekaa na mwalimu mwenzangu pale Ngamiani, hapa Tanga, tunakunywa kahawa, akatoa kaunta buku la kwaya tatu kwenye mkoba, limefunikwa gazeti, ndani kuna riwaya, sura mbili na nusu, maandishi yamejaa mpaka kwenye jalada la ndani. Kabla sijafungua akaniuliza, kaka, hivi nikasome masta ya fasihi ndo niwe mwandishi wa kueleweka, au nikae hapahapa nimalizie hii? Pale nilimjibu ovyoovyo, sasa acha nijibu vizuri.

Niseme mapema mimi masta ninayo, ya fasihi ya Kiswahili, kwa hiyo ninachosema nimekipitia.

Kwanza masta zetu nyingi zinakufundisha kuchambua alichoandika mwingine, wewe kuandika ni shauri lako. Unapiga kozi weki, afu unaingia kwenye tasnifu, lile andiko la utafiti la kumalizia masta, utangulizi, mapitio, mbinu za utafiti, uchambuzi, hitimisho, na humo ndani lazima uonyeshe pengo, yaani kitu ambacho watafiti wengine hawajakigusa, na lazima uwe na nadharia, yaani riwaya umeipenda tangu uko form four lakini bila nadharia huruhusiwi kusema kwa nini. Mimi nilikuwa nachambua mandhari ya pwani, nikaandika sentensi moja kwamba soko la samaki kama lile la Deep Sea alfajiri lina harufu nyingine na saa nne lina harufu nyingine. Msimamizi akaizungushia kalamu nyekundu, pembeni akaandika "Nani kasema?" Jamani mimi ndo nimesema, nimekulia huko! Nikahangaika wiki nzima natafuta msomi wa kumnukuu kwamba samaki ananuka. Na hakukosea, tasnifu ndivyo inavyotaka, ila baada ya kumaliza nilikaa karibu miaka miwili siwezi kuandika hadithi, kila nikianza sentensi nasikia nani kasema, nani kasema.

Wenzetu wana njia nyingine. Iowa kule Marekani wanafundisha uandishi chuoni tangu 1936, Uingereza chuo cha East Anglia wakaanzisha masta yao 1970, unapeleka hadithi zako au sehemu ya riwaya na ndo zinahesabiwa kwenye digrii. Na hata huko watu wanalalamika kwamba wahitimu wanaandika wanafanana kama wameshonewa na fundi mmoja.

Sasa hapa Tanga ukianzisha mjadala huu hauchukui dakika tano kabla mtu hajakutajia Shaaban Robert, mtoto wa Machui, kazaliwa 1909, kafanya ukarani serikalini, chuo kikuu hajakanyaga na bado ndo huyo. Sawa, lakini hoja hiyo naiona ya kivivu, maana waliobaki bila kusoma wako wengi na hawajaandika kitu.

Mfano unaonisumbua mimi ni Kezilahabi. Riwaya yake ya Rosa Mistika imetoka 1971, masta hana. Masta kaipata Dar 1976, na tasnifu kaandika kuhusu huyohuyo Shaaban Robert wetu, uzamivu, yaani PhD, kauchukua Wisconsin 1985, na baada ya hapo ndo tukaletewa Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba ambavyo watu wanavianza wanaviweka chini. Wapo wanaosema shule ilimharibu. Mimi nasema bila ile falsafa aliyoenda kuichimba vile vitabu visingekuwepo, na mimi vimenikosesha usingizi mwingi mzuri. Kwa hiyo shule haikumfanya mwandishi, alishakuwa, ila ilimpeleka mahali ambapo peke yake sidhani kama angefika.

Na kuna kitu masta ilinipa ambacho mtaani sikukipata, watu wanaolazimika kukusoma. Semesta ya pili tulikuwa tunakutana watano jioni, nje ya kozi kabisa, nikawasomea hadithi yangu, mwenzetu mmoja akasema mbona mvuvi wako, mke wake na mtoto wa miaka saba wote wanaongea kama mkuu wa shule akiwa paredi? Nilinuna siku tatu. Lakini ni kweli, na hapa nyumbani nimesomea watu hadithi hiyohiyo wote wananiambia maashallah, nzuri.

Hela nisizungushe, mshahara wangu haukupanda hata mia kwa ajili ya kile cheti. Kama mtu anataka kufundisha chuo kikuu hapo hamna mjadala, aende na alinde GPA. Kama anataka kuandika tu, kuacha kazi na kuhamia Dar kulipa chumba kwa ajili ya tasnifu ni gharama kubwa mno kwa jambo hilo moja.

Kwa huyu mwenzangu naona amalize riwaya kwanza, aipeleke kwenye tuzo, akishindwa akishinda atakuwa na kitu mkononi, afu ndo aingie masta, tena Chuo Kikuu Huria wana kituo hapahapa Tanga, anasoma huku anafundisha. Akienda na riwaya nusu naogopa itabaki nusu.

Nimemtumia meseji hayo yote usiku. Kanijibu sawa kaka, nitakuletea sura ya tatu, ila na wewe niletee tasnifu yako niisome. Nimetafuta kabati zote mbili siioni.