Figo ndiyo inayoosha

"Kunywa maji mengi uoshe figo." Kila nikiisikia kauli hii naumia, maana inaifanya figo ionekane kama sufuria chafu inayongoja kusuguliwa.

Kwa siku moja figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Plazma yetu yote, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ni lita 3 hivi, kwa hiyo ile ile hupita kwenye chujio mara 60 kwa siku. Halafu tunakojoa lita 1 au 2 tu! Zilizobaki hurudishwa, pamoja na sukari yote na karibu chumvi yote. Kwangu mimi, huko kurudisha ndiko kunakostahili heshima.

Tazama mkojo wa kwanza wa asubuhi: mchache, wa njano iliyokolea. Wengi huuogopa. Lakini usiku kucha hukunywa kitu. Ubongo ulihisi damu inaanza kukolea chumvi, ukaachia homoni ya kuzuia mkojo, nayo ikafungua vijia vya maji kwenye mirija ya figo, maji yakarudi kwenye damu. Kunywa glasi 2 sasa. Homoni itashuka, na baada ya saa moja hivi mkojo utakuwa mweupe.

Uwezo huo una mpaka. Figo zenye afya hutoa maji kiasi cha lita 1 kwa saa, pengine pungufu. Anayezidisha hapo kwa saa kadhaa huzimua sodiamu, yaani chumvi, ya damu, seli za ubongo zikavimba, na watu wamekufa hivyo. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini. Walioathirika zaidi ni wale waliomaliza mbio wakiwa wameongezeka uzito.

Mwenye mawe ya figo anahitaji maji mengi kweli, na mzee ambaye kiu yake imefifia akumbushwe kunywa. Ila ushauri huo huo ukimfikia mwenye figo zilizochoka au moyo dhaifu, maji hayana pa kwenda. Jioni akivua soksi, alama zake zinabaki zimechimba miguuni.

Zinazoharibu figo nyingi zaidi ni kisukari na presha, na hizo hazioshwi kwa zile glasi 8 za maji kwa siku tunazohimizwa. Figo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake bila kuuma hata kidogo. Mwenye kisukari au presha aombe apimwe kreatinini ya damu (taka ambayo figo huitoa) na protini ya mkojo, hata kama anajisikia mzima.